Mate ya Susu Kavindu

Susu Kavindu alifika Emali Jumanne jioni akiwa na kiondo cha ndengu begani, jogoo aliyefungwa miguu mkononi, na tumbo tupu. Tangu alfajiri alipotoka Kanyangi, ng'ambo ya mto Athi, hakuwa ametia kitu kinywani. Kwa kanuni zake yeye, mate ya kumbariki msafiri hayachanganywi na chai.

"Mume wangu yuko wapi?" aliuliza kabla hata hajakaa.

Mumewe halisi alikuwa amekufa zamani. Aliyekuwa akimuulizia ni mjukuu wake, Nyamai, ambaye alipewa jina la babu yake kama desturi ya Wakamba inavyotaka. Kwa sababu ya jina hilo Susu, ndivyo nyanya anavyoitwa huko, alikuwa na haki ya kumwita mume, kumdai nyama ya Krismasi, na kumnunia akichelewa kumtembelea. Naye Nyamai, kijana wa mabega mapana kama mlango, alizoea kumjibu kwamba mke mwenyewe hana meno, hiyo nyama ataitafuna na nini. Hapo bibi kizee angecheka mpaka ashike ukuta.

Jumanne hiyo hakukuwa na wa kumjibu. Wavinya, mama yake Nyamai, alikuwa jikoni akikatakata sukuma wiki, na hakuinua uso.

"Ameshaenda, Mwaitu," alijibu, akimwita mama kwa Kikamba. "Ameenda na treni ya mchana ya Nairobi."

"Si ulisema ni ya kesho?"

"Walibadilisha."

Hakuna aliyebadilisha kitu. Tangu tikiti ilipokatwa, treni ilikuwa ya Jumanne, na Wavinya alilijua hilo vizuri alipompigia mama mkwe wake simu na kumwambia Jumatano. Kisha akamgeukia mwanawe na kumwambia kwamba miguu ya Susu imevimba, hawezi kusafiri, amesema nenda salama. Uwongo mmoja aliutuma Kanyangi, mwingine akautandika hapo hapo nyumbani, na yeye akabaki katikati akijipongeza kwa kupanga mambo. Wavinya alikuwa hodari wa kupanga mambo. Vitunguu na nyanya kutoka Loitokitok vilipoteremshwa Emali, hakuna mchuuzi aliyejua kuvigawa haraka kumshinda, na kanisani walikuwa wamemchagua mwenyekiti wa akina mama mwezi uliopita tu.

Sababu yake aliiona kuwa nzuri. Nyamai alikuwa akienda Kigali kuogelea mita mia nne mtindo huru katika mashindano ya Afrika. Asubuhi ya safari Pasta Mwangangi angekuja na waumini kumwombea. Jirani yake Wariara, mwenye duka la simiti na mabati, mama wa Murang'a ambaye nyumba yake haikosi vitambaa vyeupe kwenye viti, naye angekuwepo. Wavinya aliitazama picha hiyo kichwani mwake: pasta ameweka mikono juu ya kijana, watu wamefumba macho, halafu bibi kizee wa Kanyangi anajipenyeza, anamfungua kijana vifungo vya shati, anamtemea mate kifuani. Wui! Afadhali treni iwe imeondoka.

"Hakunisubiri hata kidogo?" Susu aliuliza. Alikuwa bado amesimama, jogoo anampigapiga mabawa pajani. "Alienda hivyo tu, bila mate?"

Swali hilo halikuwa dogo katika ukoo huo. Kila mtu aliyeolewa au kuzaliwa pale alijua habari ya Nyamai mkubwa. Alitoka nyumbani na mbuzi wa kuuza sokoni upande wa Makueni, hakumngoja mama yake amtemee mate ya safari, na Athi ikamchukua yeye na mbuzi wote. Tangu hapo Susu Kavindu aliweka sheria: hakuna mtu wa nyumba yake atakayeingia maji makubwa bila mate.

Na Nyamai mdogo alikuwa mtoto wa maji. Wavinya na mumewe Musyimi walipokuja Emali kuanza maisha, mmoja sokoni na mwingine kwenye usukani wa lori, walimwacha mtoto Kanyangi kwa nyanya yake. Kule kulikuwa na silanga, bwawa la udongo ambalo watu wa kijiji walilichimba kwa mwethya, kila nyumba ikitoa mtu na jembe. Mtoto alijifunza kuogelea humo akishikilia mtungi mtupu wa plastiki. Bibi mwingine angechukua fimbo. Susu Kavindu alimtemea mate kifuani, akasema maneno yake, akakaa ukingoni akichambua ndengu mpaka mume wake atoke. Mengine yalifuata baadaye: mwalimu aliyemwona, shule ya Nairobi yenye bwawa la maji ya bluu, medali za kitaifa. Lakini maji ya kwanza yalikuwa ya Kanyangi.

Kwa hiyo Susu aliuliza mara ya pili, "Alienda bila mate, Wavinya?"

Hapo ndipo hasira ilipompanda Wavinya. Ilikuwa hasira ya mtu anayejua amekosa na hataki kuulizwa. Kisu kikatua juu ya ubao.

"Alisema mwenyewe, Mwaitu! Alisema hayo mambo ya mate ni ya zamani. Yeye ameokoka, hayataki."

Neno lilitoka likiwa zima, na jina la mtoto juu yake. Susu Kavindu alimwangalia kwa muda. Kisha akainama, akamfungua jogoo miguu, akamwachia uani.

"Sawa," alisema. "Kama amesema."

Muthokoi wa jioni hiyo, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, ulirudi jikoni kama ulivyotoka.

Wavinya alitegemea kwamba asubuhi yake bibi kizee angebeba kiondo arudi kwake. Hakurudi. Alisema angekaa mpaka mtoto atoke kwenye maji, hata kama mtoto hamtaki. Kama angekasirika, mambo yangekuwa rahisi, maana Wavinya alijua kupigana. Lakini Susu alikuwa mpole. Alifagia ua. Alimshukuru kwa kila sahani aliyoletewa. Alikaa mlangoni mwa jikoni na ungo magotini, akichambua ndengu, akitoa vijiwe, na kila mara aliuliza kwa sauti ndogo:

"Hajapiga simu?"

"Kocha amewanyang'anya simu zote, Mwaitu. Wasisumbuliwe."

Huo ulikuwa uwongo mwingine, na sasa Wavinya alikuwa akiutoa bila hata kutafuta maneno. Nyamai alikuwa akipiga simu kila siku. Alimpigia mama yake sokoni, katikati ya magunia na kelele za lori, na baada ya salamu alikuwa na swali moja tu.

"Mathe, nipe namba ya jirani wa Susu. Simu yake haishiki."

Haingeshika. Ilikuwa ndani ya kiondo, imezimika, na hakuna aliyejitolea kuichaji.

"Netiweki ya Kanyangi si unaijua," Wavinya alisema.

"Lakini hajakasirika? Sijawahi ingia maji kubwa bila yeye kujua. Kweli alisema niende?"

"Alisema. Wewe fanya mazoezi, wachana na Susu."

Kisha Nyamai akasema, "Sawa, Mathe," kwa sauti ile ile ambayo Susu alisema "Sawa" siku ya Jumanne. Alhamisi hiyo Wavinya alimpimia mteja vitunguu, akampa chenji, akampimia tena vile vile, mpaka mteja akacheka na kumuuliza kama ameanza kuzeeka.

Mchana huo kulikuwa na maombi ya akina mama. Walimwomba aongoze sala ya kumwombea Nyamai, mtoto wao, fahari yao. Wavinya alisimama, akafumba macho, akakuta kinywa kimekauka. Angesema nini? Mungu mlinde mwanangu ambaye nimemdanganya? Mungu mfariji bibi kizee ambaye nimemvunja moyo ndani ya nyumba yangu? Akina mama walidhani ni uchungu wa mzazi. Wakamshika mikono, wakamwimbia. Huruma yao ilimuunguza kuliko tusi, na alirudi nyumbani akiapa kwamba angemwambia Susu leo hii, akifika tu.

Alifika. Susu alikuwa amemkunjia nguo zote alizozifua. Wavinya aliziangalia nguo hizo, akasema asante, akaingia ndani. Kesho, alijiambia. Watu husema njia ya mwongo ni fupi, lakini Wavinya aliiona ndefu, na kila siku ilizidi kumpeleka mbali na mahali angeweza kugeukia.

Jambo jingine lilikuwa likimtafuna, nalo hakutaka kulitazama. Siku ya kuondoka, kituoni, baada ya pasta kuomba na watu kuimba, Nyamai alimkumbatia mama yake kwa nguvu. Wavinya alikuwa ameisubiri dakika hiyo kwa miaka. Halafu kijana akamnong'oneza sikioni, "Kweli Susu alisema niende?" Hata pale, mikononi mwa mama aliyemzaa, alikuwa akimtafuta mwanamke mwingine. Wavinya alitabasamu na kusema ndiyo. Moyoni alikuwa amekasirika, tena sana.

Jumamosi asubuhi habari zilikuja kwamba Nyamai amepita mchujo, wa mwisho kati ya wale wanane wa fainali. Emali ikasikia yote. Kufikia alasiri sebule ya Wavinya ilikuwa imejaa: Pasta Mwangangi kwenye kiti kikubwa, akina mama wa kanisa kwenye mikeka, na Wariara akihangaika na televisheni kubwa aliyoibeba kutoka dukani kwake, akiiunganisha na simu na kuilaumu netiweki kwa Kikikuyu. Musyimi alikuwa Malaba, amekwama kwenye foleni ya malori, na alikuwa ameshapiga mara kadhaa kuuliza kama imeanza.

Susu alikataa kuingia sebuleni. Alikaa pale pale mlangoni mwa jikoni, ungo magotini, mgongo kwa televisheni.

"Mimi nitasikia tu," alisema. "Mtu hataki mate yangu, nitamwangalia akiingia maji kwa nini?"

Wavinya alimpelekea chai. Ndipo alipoona kikombe cha asubuhi kando ya kigoda, kimejaa, kimeshika utando. Cha saa nne kilikuwa nyuma yake, nacho kimejaa. Wavinya alivitazama vikombe hivyo mpaka akaelewa. Bibi kizee hakuwa amekula wala kunywa tangu alipoamka. Mjukuu amemkataa, yuko nchi nyingine, hawezi kumfikia hata kwa mkono wa mtu, na bado alikuwa amekitunza kinywa chake kisafi tangu alfajiri, pengine atahitajika.

"Mwaitu," Wavinya alianza.

"Inaanza! Inaanza!" akina mama walipiga kelele.

Mtangazaji alikuwa akiwaita waogeleaji mmoja mmoja kwa Kiingereza: kijana wa Misri, wa Tunisia, wa Afrika Kusini, kila mmoja akitokea na koti lake na kupunga mkono. Mwisho kabisa, njia ya nane, ya pembeni: Nyamai, Kenya. Sebule ikalipuka. Jina la mumewe lilipotajwa hivyo, mbele ya dunia, Susu Kavindu aligeuka. Nadhani hata maiti angegeuka.

Kwenye kioo vijana walikuwa wakivua makoti. Walichuchumaa ukingoni, wakachota maji, wakajirushia usoni na mabegani. Nyamai naye alichuchumaa. Alichota maji kwa kiganja, akayaweka kinywani. Alikaa nayo kidogo, macho yamefumbwa. Kisha akajitemea kifuani, upande wa moyo, midomo ikichezacheza, akasimama na kuvaa miwani yake.

"Wote hufanya hivyo," Wariara aliwaeleza wenzake kwa sauti ya mtaalamu. "Ni ya kuzoesha mwili na hiyo baridi."

"Hapana," alisema Susu.

Alikuwa amesimama. Hakuna aliyemwona akisimama. Ungo ulikuwa umepinduka na ndengu zilikuwa zikitawanyika sakafuni hadi chini ya viti.

"Hapana, mama. Hiyo ni yangu. Nilimfundisha huko silanga, akiwa mtoto kidogo. Nilimwambia, nikiwa shamba, kama siko karibu, chukua maji yenyewe, tema hapa, sema Susu amenituma." Alijigusa kifua. "Amesema hivyo sasa hivi. Nimeona mdomo."

Akageuka polepole.

"Wavinya. Mtu amekataa mate anaweza kufanya vile?"

Mlio wa kuanzia ukapigwa, vijana wanane wakaruka majini kwa pamoja, na sebule nzima ikapaza sauti. Katika kelele hiyo Wavinya angeweza kujifanya hakusikia. Angeweza kusema sijui, vijana hubadilika. Pasta alikuwa pale, na akina mama waliomchagua walikuwa pale na vikombe vyake mikononi. Alimtazama mwanawe kwenye kioo, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, peke yake kule pembeni, akiwa na baraka aliyojiazima mwenyewe kwa sababu mama yake aliificha ya kweli.

"Hakukataa, Mwaitu," alisema.

"Sema tena. Sisikii."

"Hakukataa! Mimi ndiye nilisema. Nyamai hakusema kitu." Sasa kila mtu alisikia. Vichwa viligeuka kimoja kimoja, isipokuwa cha Wariara aliyekuwa akipiga magoti mbele ya televisheni. "Treni haikubadilishwa. Nilikudanganya siku. Na yeye nilimdanganya kwamba wewe ni mgonjwa. Anapiga simu kila siku akikuuliza, namwambia uko Kanyangi."

"Yuko wa tatu!" Wariara alipiga kelele. "Amegeuka ukuta, yuko wa tatu! Kwani hamuangalii?"

"Kwa nini?" Susu aliuliza.

"Niliogopa pasta. Niliona atasema nyumba ya mwenyekiti bado ina mambo ya kale."

Pasta Mwangangi, kikombe hewani, alifanana na mtu aliyeitwa mbele ya darasa bila kujiandaa.

"Mimi?" alisema. "Mama Nyamai, mimi mama yangu alinitemea siku nilienda chuo cha Biblia. Mpaka tai ikalowa. Si ungeniuliza?"

Mtu mmoja alicheka, kisha akajizuia. Wavinya hakucheka. Sababu yake nzuri, aliyoilea wiki nzima, ilikuwa imeondolewa mbele ya watu kwa maneno machache, na nyuma yake palikuwa na ile nyingine, imesimama uchi. Alianza kulia.

"Ni wivu," alisema. "Mwaitu, ni wivu tu. Nilimzaa mimi. Lakini akiogopa anaita wewe. Akifurahi anaita wewe. Nilitaka mara moja tu, safari moja, aende na mkono wangu peke yake. Ndiyo nikakufungia mlango."

Kwenye kioo mbio zilikuwa zimefika kipande cha mwisho na kijana wa Misri alikuwa mbele. Wariara alikuwa akigonga sakafu kwa viganja, "Nyamai! Nyamai! Nyamai!" na sasa kila mtu aligeukia televisheni tena, kwa haraka ya watu waliofurahi kupata mahali pengine pa kutazama. Wavinya peke yake hakuona mwisho. Alisikia tu kelele ikipanda, kisha ikikatika, kisha ikiwa mguno mrefu.

"Wa nne," alisema Wariara. "Wa nne, jamani! Kiganja tu! Shaba imemponyoka kwa kiganja!"

Wavinya alipofuta macho alimwona mwanawe ameegemea kamba ya njia yake, kifua kinapanda na kushuka, anaangalia ubao wa matokeo. Hakuonekana na huzuni wala furaha. Alionekana mchovu. Kiganja tu. Wavinya alijua kwamba mate hayamsukumi mtu majini, alikuwa amelisema hilo mwenyewe kwenye somo la akina mama. Lakini alijua pia kwamba alimtuma kijana akiwa na wasiwasi, na wasiwasi una uzito, na hakuna atakayempimia ni kiasi gani.

Watu wakaanza kubishana kuhusu mkono uliogusa ukuta kwanza. Susu alikuwa ameshapiga magoti mlangoni mwa jikoni na alikuwa akiokota ndengu zake. Wavinya alipiga magoti karibu naye, akaokota pia.

"Babu yake," Susu alisema hatimaye, bila kuinua kichwa, "watu wanasema alikataa kumngoja mama yake."

"Ndiyo, Mwaitu. Tunajua."

"Hamjui. Yeye alikuwa amesimama hapo nje na mbuzi, anangoja. Mama yake alikuwa anatoka nyumba ya juu na fimbo, polepole, unajua miguu ya mzee. Mimi nilikuwa nimeolewa juzi tu. Nilikuwa nimechoka na huyo mama. Kila kitu mama, kila kitu mama. Nikamwambia Nyamai, nenda, soko itafungwa, mama yako amelala." Aliokota punje, akaitazama, akaitia kwenye ungo. "Hakuwa amelala. Mimi nilikuwa namwona akikuja. Na yeye aliniona nikifunga lango."

Mkono wa Wavinya ulisimama juu ya sakafu.

"Ulimwambia nani?"

"Ningemwambia nani? Wa kuambiwa alikuwa ndani ya Athi."

Simu ya Wavinya ilianza kulia mezani. Wariara aliitazama, akapaza sauti kwa furaha, "Ni yeye! Mama Nyamai, ni kijana!" akamletea na kumwekea mkononi. Wavinya aliiangalia kana kwamba ingemuuma.

"Shika," alisema Susu.

"Naogopa, Mwaitu. Nitamwambia nini? Ameshindwa kwa kiganja. Atanichukia."

"Anaweza kukuchukia." Susu aliweka ungo kando. "Wangu hakunipigia simu. Wako anapiga. Fungua kifungo."

"Nini?"

"Kifungo, Wavinya. Hapo juu. Mate ni ya mtu anaenda mahali, na wewe unaenda."

Simu ililia. Pasta alikuwa ameinamisha kichwa na akina mama walikuwa wakitazama waziwazi, bila kujifanya. Mwenyekiti wao alipeleka vidole shingoni, akafungua kifungo cha kwanza, na cha pili. Susu Kavindu alimshika bega. Kinywa alichokitunza tangu alfajiri kwa ajili ya mtu mwingine alikileta karibu, akamtemea kifuani, taratibu, upande wa moyo.

"Thi nesa," alisema. "Usyoke nesa." Nenda vyema, urudi vyema.

Wavinya alibonyeza simu.

"Mathe!" Sauti ya Nyamai ilikuwa juu, nyuma yake kelele za maji na watu. "Uliniona? Nilikosa kidogo tu!"

"Nilikuona, mwanangu."

"Utamwambia Susu? Ukimpata?"

Mate yalikuwa bado mabichi kifuani, yakiteremka polepole chini ya blauzi.

"Susu yuko hapa," Wavinya alisema. "Amekuwa hapa tangu Jumanne. Alikuja kwa ajili yako, Nyamai, na mimi ndiye nilikuficha usijue."

Upande wa pili kelele za maji ziliendelea. Wavinya aliishika simu kwa mikono yote miwili, akangoja.